Mtazamaji wa kawaida apime vipi filamu za mapigano na za kutisha zenye bajeti ya wastani?

Mtazamaji wa Jumamosi aliuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Kila Jumamosi usiku tunakutana nyumbani kwa kaka yangu, watu sita au saba, na kuangalia filamu moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea mambo ya filamu. Tunapenda za mapigano na za kutisha, hasa zile za wastani, yaani zilizogharimu kati ya dola milioni 5 na milioni 50 hivi, siyo zile za mashujaa wanaoruka angani ambazo hufika dola milioni 200. Mwezi huu tumeangalia mbili za mwaka 2024, The Beekeeper ya Jason Statham na Longlegs iliyoongozwa na Osgood Perkins, na zote mbili zimetuacha tukibishana mpaka saa saba usiku.

The Beekeeper niliifurahia tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa kisa chake hakiaminiki: mfuga nyuki mmoja anawaangamiza matapeli wa mtandaoni waliomkomba fedha mama mzee, kisha anafuata uzi wao mpaka kwenye familia ya rais wa Marekani. Longlegs ilinitia baridi mwilini kwa saa nzima ya kwanza, lakini ilipofika karibu na mwisho, mambo niliyokuwa nikiyahofia yakaanza kuelezwa moja baada ya jingine kwa maneno, na hofu yangu ikaisha hapohapo. Shemeji yangu anasema sina haki ya kuisifu ya kwanza na kuilaumu ya pili, kwa kuwa wahakiki waliisifu zaidi ile ninayoilaumu mimi. Naomba mnieleze kwa dhati: mtu asiye mtaalamu atumie kipimo gani?

Bakari wa Chuda alijibu:

Haki unayo, ndugu yangu. Ila kusema "nimeipenda" ni jambo moja na kusema "imetengenezwa vizuri" ni jambo jingine, na nadhani ubishi wenu umetokana na kuyachanganya hayo mawili.

Katika filamu ya mapigano mimi huanza na swali moja: je, ninaona nani anampiga nani, na wamesimama wapi? Taken 3 ya mwaka 2014 ina kipande mashuhuri ambamo Liam Neeson anaruka uzio. Tendo la sekunde chache limekatwakatwa katika picha zaidi ya kumi, na ukimaliza kukitazama unagundua kwamba mruko wenyewe hukuuona. Mikato ya namna hiyo mara nyingi huficha upungufu: pengine mwigizaji hana uwezo wa kulifanya tendo lenyewe, pengine muda wa mazoezi haukutosha. Linganisha na John Wick ya mwaka huohuo, ambayo bajeti yake hutajwa kuwa kati ya dola milioni 20 na 30. Walioiongoza, Chad Stahelski na David Leitch, walitokea katika kazi ya kuruka, kuanguka na kupigwa badala ya waigizaji. Stahelski mwenyewe ndiye aliyemfanyia Keanu Reeves kazi hiyo katika The Matrix. Kwa hiyo kamera yao inasogea nyuma na kutulia, na unamwona Reeves mwili mzima, anamkamata adui, anamwangusha, anabadilisha magazini ya bastola, anageukia wa pili. Hayo hayanunuliwi kwa kompyuta ya bei kubwa, bali kwa miezi ya mazoezi, na hapo ndipo filamu ya bajeti ya wastani inapoweza kuishinda filamu iliyoizidi fedha mara kumi.

Swali langu la pili ni kama nilimwogopea stelingi. Sote tumekua tukijua kwamba stelingi hafi, lakini mtengenezaji mzuri anakusahaulisha jambo hilo kwa dakika kadhaa. Tafuteni Nobody ya mwaka 2021. Bob Odenkirk, ambaye wengi walimjua kwa uchekeshaji na kwa kuigiza wakili, alifanya mazoezi kwa takriban miaka miwili kabla ya kupigwa picha, na katika pambano la ndani ya basi anapigwa, anachomwa kisu, anatupwa nje kupitia dirishani, kisha anarudi ndani akihema. Kila ngumi anayorusha imemgharimu kitu. Katika The Beekeeper mapigano yanaonekana vizuri na ahadi ya trela imetimizwa, hivyo furaha yako ina msingi. Lakini ni mara chache sana nilimwogopea Statham, na kwangu huo ni upungufu wa kweli, hata kama sikuchoka kuitazama.

Mwanaidi alijibu:

Kaka Bakari amesema vizuri kuhusu ngumi, nami naomba niseme kuhusu hofu, maana ndiyo ninayoipenda zaidi.

Kiswahili chetu kinatenganisha kushtuka na kuogopa, na mtazamaji anaweza kuutumia utengano huo kama mizani. Mlango ukibamizwa ghafla na sauti ikapandishwa, nitashtuka, na hata paka angeshtuka. Kuogopa ni pale ninapokwenda jikoni baada ya filamu na kuona uzito wa kuzima taa. Smile ya mwaka 2022, iliyogharimu dola milioni 17, ina mishtuko mingi, lakini haikuishia hapo. Lile tabasamu lisilo na sababu linabaki kichwani, na kwa siku kadhaa unawatazama watu kwa wasiwasi. Filamu yenye mishtuko mitupu mimi huisahau kabla ya kulala.

Jambo la pili ni sikio. Filamu ya kutisha isiyo na fedha nyingi haiwezi kuonyesha jitu kwa saa moja na nusu, kwa hiyo hulijenga kwa sauti na giza. A Quiet Place ya mwaka 2018 iligharimu takriban dola milioni 17 na ikaingiza zaidi ya milioni 340 duniani, na nguvu yake yote iko katika ukimya: familia inatembea pekupeku juu ya mchanga kwa sababu viumbe wanaowinda hufuata sauti, na tunapokuwa upande wa yule binti kiziwi, aliyeigizwa na Millicent Simmonds ambaye ni kiziwi kweli, sauti yote inakatika. Hapa kwetu wengi tumezoea nakala zilizotafsiriwa, ambazo msimulizi huzungumza juu ya filamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa mapigano ninazipenda sana. DJ Afro wa Kenya ameipa maisha mapya mifululizo ya ngumi ambayo bila yeye nisingeimaliza. Lakini filamu ya ukimya ukiiangalia kwa nakala ya msimulizi hujaiangalia, na ni dhulma kuihukumu kwa namna hiyo. Kabla ya kuilaumu Longlegs, naomba utuambie mliiangalia vipi.

Mtazamaji wa Jumamosi:

Dada Mwanaidi, umenigusa mahali penyewe. Hatukutumia nakala ya msimulizi, lakini taa ilikuwa inawaka, feni inavuma, na watoto wakipita kwenda kuchukua maji. Hata hivyo, mwisho wake bado unanikera, na sidhani kwamba feni ndiyo iliyouharibu.

Mzee Kombo alijibu:

Haukuharibiwa na feni, mwanangu. Filamu iliyojengwa juu ya kumnyima mtazamaji anachotaka kukiona, ambayo hata trela zake ziliuficha uso wa Nicolas Cage anayemwigiza muuaji, imejifunga yenyewe kuendelea kunyima au kutoa kitu kikubwa kuliko tulichokuwa tukikiwaza. Kukaa chini na kusimulia siri yote kama mtu anayetoa maelezo polisi kunaivunja kazi iliyotangulia. Lawama yako ni ya haki, na saa ya kwanza ibaki na sifa zake.

Kuhusu shemeji yako na wahakiki, mwelezeni kwamba asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, siyo alama ya ubora. Ni sehemu ya wahakiki walioielekea filamu kwa wema, hata kwa wema mdogo. Filamu ambayo watu tisa kati ya kumi wameiona "si mbaya" itapata asilimia 90. CinemaScore ni kitu kingine: ni daraja wanalotoa watazamaji wa kawaida wa Marekani wanapotoka ukumbini siku ya kwanza, na linapima zaidi kama walipata walichokifuata. Hereditary ya mwaka 2018, ambayo wahakiki waliipenda mno, ilipata D+, na hiyo Longlegs yenu ilipata C+. Kwa hiyo kero yako imewapata wengi waliolipia tiketi.

Ila sikubaliani na Bakari kuhusu kuipa filamu nafuu kwa sababu ya uchache wa fedha. Mimi silipi tiketi ya nusu bei. Mtazameni mwongozaji Zach Cregger: Barbarian ya mwaka 2022 ilitengenezwa kwa dola milioni 4 na kitu, Weapons ya mwaka 2025 kwa milioni 38, na katika zote mbili kinachonishika ni kilekile, yaani ujasiri wa kuikata hadithi inapochemka na kuianza upya kwa macho ya mtu mwingine. Katika Weapons fedha zilimwongezea watoto 17 wanaokimbia gizani saa nane na dakika kumi na saba usiku. Ujasiri alikuwa nao tangu kwenye lile handaki la nyumba moja la Barbarian.

Bakari wa Chuda:

Mzee Kombo, shikamoo. Sikukusudia kuiombea filamu huruma. Nilitaka kusema kwamba nikijua fedha ni chache, najua mahali pa kuangalia: mazoezi, sauti, mpangilio wa vyumba, uso wa mwigizaji. Pakiwa pabovu hapo, hakuna kisingizio.

Mtazamaji wa Jumamosi:

Nimewaelewa nyote, na nawashukuru. Jumamosi hii tutaangalia Barbarian, feni ikiwa imezimwa na watoto wakiwa wamelala, na shemeji nimemwomba asisome asilimia yoyote mpaka tumalize.