Anayetengua bila kusema neno kwenye wiki za gemu: anadaiwa maelezo au hadaiwi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nimeamua kulileta tulijadili kwa uwazi.

Kwenye wiki za mashabiki wa gemu, zile ambazo yeyote anabonyeza "hariri" na kuandika anachokijua kuhusu silaha, ramani, maadui au hadithi, kuna tabia imeota mizizi. Mtu anaongeza kitu, mwenyeji wa siku nyingi anapita, anabonyeza "tengua", ukurasa unarudi ulivyokuwa, anakwenda zake. Muhtasari wa mabadiliko, yaani pale pa kuandika sababu kwa ufupi, mtupu. Ukurasa wa majadiliano kimya. Nauliza: huyu aliyetengua anadaiwa maelezo, au mzigo wote ni wa aliyeandika?

Mimi nasema anadaiwa. Tena kwenye gemu anadaiwa kuliko kwenye wiki za mambo mengine, na sababu niliipata kwa machungu.

Kulikuwa na ukurasa wa adui mmoja katika gemu ninayoicheza. Uliandikwa kwamba akifa anaangusha pete fulani mara 1 katika kila mara 10. Mimi nilikuwa naitafuta hiyo pete na siipati, nikachukua daftari. Usiku wa kwanza nilimuua mara 80, wa pili 70, wa tatu 50. Jumla 200, pete 9. Kama ni moja kwa kumi ningetegemea kama 20 hivi. Bahati mbaya ipo, lakini ya kukupokonya zaidi ya nusu katika majaribio 200 haiji kirahisi. Nikabadilisha namba, nikaeleza hesabu yangu kwenye muhtasari. Hazikupita dakika 2, ikatenguliwa bila neno. Nikarudisha, ikatenguliwa. Nikarudisha tena, nikafungiwa akaunti siku 7. Hapo ndipo nilipoandikiwa maneno kwa mara ya kwanza: "kutenguana".

Miezi mingi baadaye nikaja kujua kilichotokea. Ile namba ya moja kwa kumi ilichimbuliwa kwenye mafaili ya gemu yenyewe, na ni sahihi kabisa. Ila mimi nilikuwa nacheza daraja rahisi, na katika daraja hilo vitu adimu vinaanguka kwa nusu. Yule bwana alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi. Ukurasa ndio uliopungukiwa, haukusema namba ni ya daraja gani. Angeniandikia tu "hii imetoka kwenye mafaili, wewe unacheza daraja gani?", ukurasa ungekamilika usiku uleule na mimi ningebaki kuandika. Sikuandika tena pale.

Ndiyo maana nasema gemu ni tofauti. Mji mkuu wa nchi ni mmoja kwa wasomaji wote. Gemu haiko hivyo, inabadilika kwa toleo, kwa kifaa, kwa daraja la ugumu. Chukueni Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga. Kabla ya toleo la 1.18, lililotoka tarehe 30 Novemba 2021, watu walifundishana kuchimba almasi kwenye tabaka la 11 au la 12. Toleo lile likashusha sakafu ya dunia kutoka 0 hadi -64, na almasi zikawa nyingi kadiri unavyoshuka, hivyo ushauri ukahamia karibu na -59. Sasa mtu mwenye mashine ya zamani ya Xbox 360, ambayo Minecraft yake iliachwa kusasishwa kabla ya hapo, akienda kwenye ukurasa na kuandika 11, mnamwita mharibifu? Anaandika anachokiona kwenye kioo chake. Au tazameni mapigano: toka toleo la 1.9 la mwaka 2016, anayecheza Java, moja ya aina mbili za Minecraft, lazima asubiri kidogo kati ya pigo na pigo ili upanga upate nguvu kamili. Anayecheza Bedrock, aina ya pili, hana kusubiri, anabonyeza anavyotaka. Sentensi "kubonyeza harakaharaka kunaongeza madhara" ni kweli kwa huyu na ni uongo kwa yule.

Mabishano mengi niliyoyashuhudia yako hivyo, kweli mbili ambazo hakuna aliyezitajia sharti lake. Ukitengua kimya, unalitupa lile sharti kabla halijasemwa. Haya, nawasikiliza, hasa mlio wakabidhi, yaani wasimamizi wenye uwezo wa kufunga kurasa na akaunti.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi ni mkabidhi kwenye wiki ya gemu mwaka wa 6 huu. Pole kwa yaliyokupata, na kukufungia siku 7 mtu aliyeleta hesabu yake ilikuwa kosa. Lakini ngoja nikuonyeshe upande wa pili wa dirisha.

Sasisho kubwa linatoka usiku. Asubuhi nafungua mabadiliko ya karibuni nakuta zaidi ya 300. Wapo waliofuta ukurasa mzima wakaweka matusi. Wapo walioandika "silaha hii ni mbovu msiitumie". Wapo walionakili uvumi wa video fulani kwamba kuna bosi wa siri. Na katikati yao wapo watu kama wewe, wenye daftari. Kwa macho yangu saa 12 asubuhi, kabla sijaenda kazini, wote mnafanana: namba imebadilishwa na akaunti ambayo jana haikuwepo.

Na kuna mtu ambaye hujamtaja, msomaji. Anafungua ukurasa akiwa katikati ya pambano, simu mkono mmoja. Akikuta namba ya uongo anapoteza saa nzima, na haji kutuambia, anaacha tu kutuamini. Kwangu mimi anayeongeza ndiye athibitishe. Ukiniwekea mzigo wa kuandika barua kwa kila ninachotengua, nitaacha kutengua, na uongo utabaki.

Mchangiaji wa tatu

Dada mkabidhi, hakuna anayekudai barua. "Chanzo?" ni neno moja. Na matusi tengua kimya, wala hakuna atakayekuuliza.

Mimi nimeacha kuandika kwenye wiki 2 tofauti za gemu kwa jambo hilohilo. Sikukasirishwa na kutenguliwa, maana nimekosea mara nyingi tu. Nilichoka kukisia nimekosea wapi.

Mchangiaji wa nne

Mleta mada umejenga hoja nzuri, ila umechagua mifano inayokubeba. Namba zina sharti, sawa. Vipi hadithi?

Mimi naandika kurasa za visa na wahusika, na huko kweli mbili hazikai pamoja. Mashabiki wa mfululizo wa gemu za Zelda walibishana miaka na miaka gemu ipi inatangulia ipi. Mwaka 2011 kikatoka kitabu rasmi, Hyrule Historia, chenye mpangilio unaogawanyika matawi matatu baada ya Ocarina of Time ya mwaka 1998. Tukadhani yameisha. Mwaka 2017 ikaja Breath of the Wild, haikufungwa wazi kwenye tawi lolote, na moto ukawaka upya. Kila mtu ana nadharia yake, kila mtu ana picha 5 za ukutani ndani ya gemu za kuithibitisha, na kila mtu anataka iwe kwenye ukurasa mkuu. Huyu ukimwandikia sababu, anakujibu kwa aya 12. Ukimjibu, anarudi na 20. Kuna watu wanaitumia adabu yako kukuchosha. Mimi nadharia natengua, naweka kiungo cha kanuni, na majadiliano siendi.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na wa nne amenigusa. Nakubali, kwenye hadithi si kila ubishi unamalizwa kwa kuongeza sharti. Hata hivyo ukiangalia vizuri, unachokifanya ndicho ninachokiomba. Kiungo cha kanuni ni maelezo. Mtu anajua amegonga ukuta gani, anaweza kwenda kuusoma. Halafu hata huko kuna namna ya kuandika inayopunguza ugomvi: badala ya "gemu hii inafuata tawi la kwanza", andika "kitabu cha mwaka 2011 kinasema hivi, na gemu ya mwaka 2017 inaonyesha hivi", ukiishia hapo. Msomaji anapewa vipande, nadharia anajitengenezea mwenyewe.

Dada mkabidhi, ile picha yako ya saa 12 asubuhi naichukua kwa uzito. Sikuwahi kuifikiria kutoka upande huo. Lakini tazama mizani yenyewe. Wewe unaujua ukurasa wa majadiliano, unaijua historia ya ukurasa, unajua kulinganisha toleo la jana na la leo mstari kwa mstari. Yule mgeni anajua kitufe kimoja tu. Akitenguliwa kimya anaona maneno yake hayapo, anadhani mtambo umeyameza, anayaandika upya. Kwako huyo anaanza kuonekana mkaidi, na kumbe hajui hata kwamba kuna mtu upande wa pili. Mimi ile mara ya kwanza nilifikiri intaneti ilikatika wakati wa kuhifadhi.

Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kwamba mtu asitengue zaidi ya mara 3 kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Wiki nyingi za gemu zimeiiga, lakini naona zimechukua namba zikaacha roho. Watu wanahesabu: nina mbili, imebaki moja. Ile kanuni ni uzio wa mwisho. Kuufikia tu maana yake mlishashindwa kuzungumza mahali pa kwanza. Ningefurahi wiki zetu zikaweka kwamba ukitenguliwa mara moja, hata kama una uhakika, unakwenda kwenye majadiliano. Na aliyetengua naye asipotokea huko ndani ya siku 2 au 3, mabadiliko yanarudi. Hapo mzigo mnaugawana.

Mchangiaji wa tano

Mnahangaika bure. Maudhui yako chini ya leseni huria, usipokubaliana na wakabidhi nakili kurasa, kawafungulie watu wako wiki yenu. Wiki ya gemu ya RuneScape walihama kutoka jukwaa la Fandom mwaka 2018, ya Minecraft mwaka 2023, na wanaendelea vizuri.

Mchangiaji wa pili

Hapana ndugu yangu, hayo ni mambo mawili tofauti. Wale walihama kama jumuiya, wahariri na wakabidhi pamoja, kwa sababu ya mwenye jukwaa: matangazo, muonekano, nani mwenye sauti ya mwisho. Hawakugawanyika kwa ubishi wa tabaka la almasi. Na kuhama kuna gharama. Leseni inayokuruhusu kunakili ndiyo inayoiacha nakala ya zamani hewani, na kwa muda mrefu anayetafuta anaendelea kuangukia huko, anasoma ukurasa ambao waliokuwa wanautunza wameshaondoka. Ukianza kugawa wiki kila watu wawili wanapogombana, utapata wiki 10 zenye kurasa za mbegu, yaani za mistari miwili mitatu tu, hakuna hata moja iliyokamilika.

Mleta mada, nimekuelewa kuhusu mgeni na kitufe kimoja. Leo mchana nilipitia nilivyotengua mimi mwenyewe. Katika 40 za mwisho, matusi na uharibifu ni 17. Nyingine 23 ni watu waliojaribu, na nilizoandika sababu ni 5. Nimesema niiweke hapa kwa sababu sikutegemea iwe hivyo. Nimeanza kutengeneza vigezo vifupi, yaani ujumbe ulioandaliwa tayari, kimoja kinauliza chanzo, kimoja kinauliza toleo na kifaa, ili kiwe ni kubonyeza tu. Ila la kurudisha mabadiliko baada ya siku 3 sitaki. Mimi nafanya hii kazi bila malipo, naumwa, nasafiri. Namba ya uongo isirudi kwa sababu mimi nilikuwa kitandani.

Mleta mada

Sawa, hilo la siku 3 naliondoa, umenishinda. Iwe anayesubiri ana haki ya kumwita mkabidhi mwingine aangalie. Na kigezo cha kuuliza toleo na kifaa, dada, kingekuwepo enzi zile nisingemaliza usiku 3 na daftari halafu nikafukuzwa.

Limebaki moja ambalo hujanijibu, na ndilo zito kuliko yote. Yule aliyenitengua ndiye huyohuyo aliyenifungia. Ugomvi ulikuwa baina yetu wawili, na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Kwenye wiki yako, mkabidhi akiwa ni mmoja wa wanaobishana juu ya namba, anaruhusiwa kufunga ukurasa au kumfungia mwenzake? Na kama mko wakabidhi wawili tu, na wa pili hajaonekana mwezi mzima, mnafanyaje?