Ushauri: nataka kufika Loiyangalani (Ziwa Turkana) kwa magari ya wananchi, niko peke yangu

Binti_wa_Meru

Wakuu habari za humu. Niko Arusha, mwezi wa saba nina likizo na nimepania kwenda Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana huko kaskazini mwa Kenya. Pakeji za kampuni za utalii sizitaki, bei kubwa halafu unapelekwa unarudishwa hujaongea na mwenyeji hata mmoja. Mpango wangu ni Namanga, Nairobi nalala, basi la Marsabit nalala, kisha gari lolote linalokatiza jangwa la Chalbi mpaka ziwani, nakaa siku mbili tatu, kurudi napita Baragoi na Maralal ili nisirudie njia. Nimejipa wiki moja. Je inatosha? Usalama kwa mwanamke peke yake ukoje? Na hela taslimu nibebe kiasi gani? Naomba wanaokufahamu kule wanijibu, maana nyumbani kila mtu ananitisha na hakuna aliyewahi kufika hata Isiolo.

Steji_ya_Eastleigh

Karibu Kenya dada. Mpaka Marsabit usiwe na wasiwasi, lami inaenda hadi Moyale na mabasi yanatoka Eastleigh, hapa Nairobi, kila siku. Chukua la asubuhi, ujue unaingia mji usioujua kukiwa bado na mwanga. Paspoti tembea nayo mwilini si kwenye begi, huko juu kuna vizuizi vya polisi na wataiuliza. Nyinyi wa Afrika Mashariki hamhitaji viza wala kile kibali cha mtandaoni wanachoombwa wageni wengine. Line ya Safaricom sajili Nairobi, na shilingi za Tanzania zibadilishe zote Namanga au Nairobi, Marsabit sidhani kama kuna mtu atakuchukulia.

Upepo_wa_Kulal

Mimi ni wa Marsabit, ndugu zangu wako Loiyangalani, nikueleze vizuri. Wiki moja haitoshi, na tatizo si umbali. Kutoka Marsabit kwenda ziwani hakuna basi la ratiba, kuna malori ya mizigo na Landikruza za watu, na gari linaondoka likijaa au mwenye mali akimaliza kupakia. Unaweza kuambiwa asubuhi mkaondoka saa kumi jioni, unaweza kuambiwa leo mkaondoka keshokutwa. Kurudi ndio kugumu zaidi, Loiyangalani unaweza kukaa siku kadhaa unasubiri gari. Kwa hiyo jipe siku kumi na mbili, hata wiki mbili, na usikate tiketi yoyote ya kurudi inayokubana.

Ukifika Marsabit usiende kulala tu, nenda wanapopakia mizigo ukaulize lipi linapita Kargi, lipi linapita Maikona na North Horr. Omba kukaa mbele na dereva, lipia zaidi kidogo, juu ya mizigo jua na vumbi havina huruma. Kuna njia nyingine ambayo mimi naipendelea, ya kutokea Laisamis kupitia South Horr, ilitengenezwa na mradi wa umeme wa upepo ule wenye mitambo 365, ni changarawe lakini inapitika vizuri kuliko Chalbi.

Hela taslimu beba za safari nzima pamoja na akiba ya siku tano za kukwama. M-Pesa inafanya kazi mtandao ukiwepo, usiufanye ndio mpango wako.

Utingo_wa_Zamani

Naunga mkono hapo juu. Chalbi ikiwa kavu unaona kama uwanja wa ndege, ikinyesha hata manyunyu inageuka tope la chumvi, lori linazama mpaka ekseli na mnalala hapo. Mwezi wa saba ni kiangazi uko salama kwa hilo, ila usiahirishe likizo ikaangukia wa nne au wa kumi na moja. Maji beba dumu lako la lita kumi, na usimnyime jirani akiomba, njiani wote mnakunywa pamoja.

Binti_wa_Meru

Asanteni sana, hii ndio nilikuwa naitafuta. Nitaongea na bosi nipate wiki mbili. Sasa ile ya kurudi kwa Maralal? Kwenye ramani inaonekana fupi.

Upepo_wa_Kulal

Iache kwa sasa. Ukanda wa Baragoi na bonde la Suguta una historia ndefu ya wizi wa mifugo wa bunduki, mwaka 2012 waliuawa askari zaidi ya 40 kwa shambulio moja. Kuna miezi ni shwari na magari yanapita kila siku, kuna wiki hakupitiki, na hutaijua hali ukiwa Arusha. Panga kurudi Laisamis, halafu ukiwa Loiyangalani uliza polisi, uliza chifu, uliza madereva walioingia jana. Wote watatu wakikuambia sawa ndio uifikirie.

Kwa mwanamke peke yake, watu wa kule hawana tabia ya kusumbua mgeni, ila fika na jina la mwenyeji. Njoo inbox nikuunganishe na shangazi yangu. Mavazi ya kujisitiri, na picha za watu usipige kabla hujaomba, hasa kijijini kwa El Molo, lile kabila dogo la wavuvi wa ziwani, wamechoka kupigwa picha kimyakimya.

Nesi_wa_Kanda

Afya hakuna aliyegusa. Maji ya ziwa yana magadi, wenyeji wanayanywa lakini tumbo lako halijayazoea, na mamba ni wengi sana, usioge popote bila kuonyeshwa na mwenyeji. Beba dawa ya kuzuia malaria, ORS za kutosha, na dawa zako binafsi za wiki tatu. Kituo cha afya kipo, ila kesi kubwa inahitaji ndege, AMREF Flying Doctors wana uanachama wa kulipia kwa ajili hiyo, ulipie kabla hujaondoka. Na acha ratiba yako kwa mtu mmoja nyumbani, mkubaliane kabisa akikaa siku ngapi bila kukusikia ndio aanze kupiga simu, na ampigie nani.

Binti_wa_Meru

Dada yangu ndio atakaa na ratiba. Tumekubaliana siku nne, maana mtandao ukikatika asije akapaniki bure. @Upepo_wa_Kulal nimekutumia inbox, niambie na shangazi nimletee nini kutoka Arusha.

Upepo_wa_Kulal

Majani ya chai na sukari. Na kitunguu, kule kinafika kimechoka.