Kununua filamu za watu au kutengeneza zetu? Tulinganishe

Fundi_Fleshi (Majengo, Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la kuingiza filamu kwenye fleshi. Nimepata kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayejua kutengeneza programu za simu, tunataka tufungue ya kwetu ya kuangalia filamu, mteja alipie kwa wiki. Tumekwama sehemu moja: yeye anataka tununue haki za bongo muvi zilizopo, mimi nataka tutoe tamthilia yetu, tena yenye lugha ya Kigogo ndani. Netflix si ilikua kwa kutengeneza vya kwake? Mawazo tafadhali, msinicheke.

Zabibu_Kavu
Mkuu, hizo za kwenye fleshi haki zake ulimlipa nani? 😂 Haya, tuendelee.

Hadithi umeianzia katikati. Netflix ilianzishwa 1997, ikawa inakodisha DVD kwa posta. Video za mtandaoni ilianza 2007. Tamthilia ya kwanza kuitangaza kuwa yake, Lilyhammer, ilitoka Februari 2012, tena kwa kushirikiana na NRK, televisheni ya taifa ya Norway. House of Cards ikafuata Februari 2013, vipande vyote 13 siku moja. Piga hesabu: miaka karibu 15 ya kukodisha na kuonyesha vya wenzao. Kufikia hapo walishajua mteja gani anamaliza filamu gani na nani anaikimbia katikati. Wewe una nini, daftari la madeni?

Mpangaji_AreaD
Kijana wa UDOM naye asishangilie. Kununua haki ni kupanga nyumba. Tuliokuwa hapa serikali ilipohamia tunajua: mji ukichangamka tu, mwenye nyumba anakuja na kodi mpya, au anakwambia mwanangu anaoa, anaihitaji. Netflix nao yaliwakuta hayohayo. Mkataba wao na Starz, chaneli ya filamu ya Marekani, uliisha Februari 2012, filamu zikaondoka. 2017 Disney ikatangaza kuchukua zake, na Novemba 2019 ikafungua Disney+. Yaani aliyekuwa anakuuzia mzigo kafungua duka mlango wa pili. Kujenga kwao kulikuwa kuogopa kufukuzwa, sifa zilikuja baadaye.

Fundi_Fleshi
Kwa hiyo nimeshinda.

Zabibu_Kavu
Hujashinda chochote. Hata hiyo House of Cards ilitengenezwa na kampuni nyingine, Media Rights Capital, Netflix walilipia haki ya kuionyesha. "Yetu" lilikuwa jina la bango. Na walipoanza kutengeneza kwa wingi, kwa miaka kadhaa hela iliyotoka ilizidi iliyoingia, wakawa wanakopa kwa hati fungani. Wewe utakopa wapi, kikoba cha mama?

Mama_Kondoa
Wanangu, kikoba kiacheni.

Mimi nililipia ile Young, Famous & African ya Netflix ya 2022 kwa sababu moja tu: Diamond yumo. Nilipoimaliza nikaacha kulipa. Kwa hiyo Fundi hajakosea, mtu anafuata sura anayoijua. Ila hata wakubwa wanachemka. Tamthilia yao ya Afrika Kusini, Queen Sono, ilitoka 2020, wakatangaza msimu wa pili, mwaka huohuo wakaufuta.

Waangalieni Showmax, huduma ya filamu mtandaoni ya wenye DStv. Walipotoa tamthilia ya Kenya, Crime and Justice, mwaka 2021, walishirikiana na Canal+, kampuni ya televisheni ya Ufaransa. Nanyi fanyeni hivyo: tafuteni kikundi chenye kamera, mchangie sehemu ya gharama, muonyeshe nyie kwanza mwaka mzima, halafu kazi ibaki ya kwao. Hapo hamjapanga wala hamjajenga, mmejishikiza kwa shemeji. Na video ziwe nyepesi, bando la huku linaisha kabla jina la filamu halijatokea.

Mpangaji_AreaD
Mama kamaliza. Ongezeni kuulizia leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kabla hamjapokea hela ya mtu.

Fundi_Fleshi
Nimetoka kuongea na kijana. Tunaanza na filamu sita za kununua, kwa maandishi safari hii (Zabibu umesikia), na kipande kimoja cha dakika kumi cha kujaribia, nusu Kigogo. Kikundi tumekipata Chamwino, wana kamera moja na mzuka mwingi. Nani anamjua mpiga zeze asiyedai hela yote mbele?