Ripoti ya ukaguzi wa kengele za moto: kolamu zipi ziwemo?

FundiUyole
Wakuu, habari za kazi. Tunahudumia majengo kuanzia Tunduma hadi Makambako: gesti, hosteli za wanafunzi na maghala mawili ya mahindi. Paneli nyingi ni za zoni (zinaonyesha eneo tu), mbili ni za anwani (zinataja kifaa chenyewe). Fomu ya sasa ina mistari mitatu tu, "paneli, ditekta, ving'ora", na kila mmoja unawekewa alama ya vema. Ukiifungua baada ya miezi sita huambulii kitu: hujui ditekta ipi ilijaribiwa wala betri ilikuwa na volti ngapi. Naandaa kiolezo kipya kwenye Excel. Kolamu zipi hazikwepeki? Na mnafanyaje ili mafundi watatu wasijaze matoleo tofauti ya fomu?

MkaguziKihesa
Mkuu, kwanza tenganisha rejesta ya vifaa na ripoti ya siku. Rejesta inakaa na jengo miaka yote. Kila kifaa kinapata mstari wake na namba isiyobadilika, mfano MB03-Z2-D07 (jengo, zoni, ditekta), na namba hiyo hiyo inabandikwa kwenye kitako cha ditekta. Mahali paandikwe hivi: "korido ya ghorofa ya 1, nje ya chumba 14". Ukiandika "korido" tu, fundi mgeni atazunguka na ngazi saa nzima. Kifaa kikiondolewa usifute mstari. Andika "kimeondolewa" na tarehe. Kipya kipewe namba mpya.

Ripoti ya siku iwe na namba ya kifaa, aina (moshi, joto, kitufe cha kioo, king'ora), njia ya jaribio, matokeo, na kolamu ambayo wengi wanaisahau: kilichosomeka kwenye paneli. Kwenye paneli ya anwani unaweza kupuliza moshi wa kopo wa majaribio chumba 14 na skrini ikaandika "Stoo". Ditekta ni nzima, lakini usiku wa moto watu watakimbilia stoo. Alama ya vema haiwezi kukuonyesha kosa hilo.

Matokeo yawe orodha ya kuchagua yenye majibu matatu: imepita, imefeli, haikujaribiwa. La tatu lidai sababu, kama chumba kilifungwa au ngazi haikufika. Seli tupu isihesabiwe kamwe kuwa imepita. Kwenye rejesta weka tarehe ya jaribio la mwisho na uifanye seli igeuke nyekundu zikipita siku 365. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, kinataka huduma isizidi miezi sita kati ya moja na nyingine, na kila kifaa kiwe kimejaribiwa ndani ya mwaka.

Volti24
Naongezea upande wa umeme, maana ndiko ripoti nyingi zinakodanganya.

Paneli ndogo nyingi zina betri mbili za volti 12, Ah (ampea-saa) 7, zimeungwa mfululizo. Usiweke kolamu moja ya "betri". Weka tarehe iliyoandikwa kwenye betri, volti ya chaja (karibu 27), kisha volti ya kila betri peke yake baada ya kuzima umeme wa jengo na kupiga ving'ora. Ukipima zote mbili kwa pamoja, nzima inaificha mbovu.

Kokotoo la ukubwa wa betri liwe ndani ya fomu. Chukua paneli inayovuta ampea 0.09 ikiwa imetulia na 0.6 ikiwa inalia, ikitakiwa kukaa saa 24 bila umeme kisha ilie nusu saa: (24 × 0.09) + (0.5 × 0.6 × 1.75) ni 2.685, zidisha 1.25 unapata Ah 3.36 hivi (1.75 ni kwa sababu betri hutoa pungufu ikivutwa kwa nguvu, 1.25 ni ya uchakavu). Ah 7 inatosha. Ukiongeza ving'ora, seli ijikokotoe upya yenyewe.

Kwa paneli za zoni, weka mstari wa rezista ya mwisho wa laini, ile inayoijulisha paneli kwamba waya ni mzima hadi mwisho. Kosa baya ni fundi kuifunga ndani ya paneli badala ya kwenye kifaa cha mwisho. Paneli inaonyesha kawaida, kumbe waya ukikatika haitajua. Jaribio lake ni rahisi: ng'oa ditekta moja kwenye kitako, paneli ionyeshe hitilafu ndani ya sekunde 100. Andika sekunde ulizohesabu.

Vyumba vya kulala: pima sauti kwenye mto, mlango umefungwa. Lengo ni desibeli 75, kwingineko 65. Andika namba. "Inasikika" si kipimo.

Kwenye maghala yako ya mahindi weka kolamu ya tarehe ya mwisho ya kufukiza dawa. Gesi ya fosfini inayotoka kwenye dawa hiyo inakula shaba. Vitako vya ditekta na skrubu za waya vinakuwa vyeusi na mguso unapotea. Fungua vitako viwili au vitatu kila ziara uangalie.

NjombeBaridi
Huku milimani kwetu inahitajika pia kolamu ya kengele za uongo tangu ziara iliyopita, pamoja na chanzo. Juni na Julai madirisha yanafungwa, jiko la mkaa linaingizwa ndani, mvuke wa maji ya kuoga unatoka hadi koridoni. Zikijirudia kwenye ditekta moja, pendekeza ihamishwe, na kama ni jikoni iwekwe ya joto. Usipoandika, mhudumu wa gesti atazima zoni nzima apate usingizi.

Kuhusu matoleo: kiolezo kikuu kiwe kimoja, kimefungwa, anakibadilisha mtu mmoja. Namba ya toleo ichapwe chini ya kila ukurasa. Jina la faili lianze na tarehe, 2025-06-14_MB03, mafaili yajipange yenyewe. Ikisainiwa, geuza PDF na isiguswe tena. Kasoro kila moja iwe na namba, na ihamie ripoti inayofuata mpaka ifungwe kwa tarehe.

FundiUyole
Nashukuru sana, wakuu. Swali moja: vipimo vya ziara iliyopita viwekwe pembeni ili fundi alinganishe?

Volti24
Hapana, mkuu. Akiviona atavinakili. Mpe kasoro zilizobaki wazi tu. Ulinganishe wewe ofisini.

MkaguziKihesa
Naunga mkono. Na mstari wa mwisho wa fomu, kabla ya sahihi: "Zoni zote zimewashwa, paneli iko hali ya kawaida", na saa, na jina la mwenyeji aliyeshuhudia akisimama mbele ya paneli. Zoni iliyozimwa kwa ajili ya jaribio ikasahaulika, jengo linabaki bila ulinzi hadi ziara ijayo. Mstari huo uwe wa lazima. Faili likatae kutoa PDF ukiwa mtupu.