Konsalta kala hela yetu halafu anasema ramani za programu huria "hazibebi data kubwa"!!

Wakuu habari za mchana, mnivumilie leo maana nina hasira.

Ofisini tuna malori yanayotoka bandarini kwenda Tunduma, kila lori lina GPS inayotuma lokesheni muda wote, sasa piga hesabu data ya mwaka mzima, ni mamilioni ya nukta. Bosi akataka ramani ya kufungua kwenye brauza aone magari yanalala wapi na mizani ipi inachelewesha. Akaletwa konsalta, suti kali, maneno mengi, kalipwa nusu kabisa mbele.

Alichokileta sasa! Data yote kaitumbukiza kwenye faili moja la GeoJSON (data ya ramani iliyoandikwa kama maandishi) la mega 600 na ushee, kaipachika kwenye Leaflet, programu huria ya kuonyesha ramani kwenye brauza, kila nukta na pini yake. Pini ya Leaflet ile ya kawaida ni kipicha kinachojitegemea ndani ya ukurasa, zikifika maelfu tu brauza inaanza kuhema, yeye kamwaga zote! Laptopu ya ofisi feni inavuma kama jenereta la saluni halafu ukurasa unaganda mweupe. Bosi kajaribu kwa simu akiwa kwenye foleni ya Mandela, bando likakata hajaona hata Kibaha.

Nikaipunguza nikaacha data ya wiki moja, ndo ikafunguka. Malori ya yadi ya Dar yako Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ya Tunduma yanaelea baharini nje ya Moroko!! GeoJSON inataka longitudo kwanza ndo latitudo, jamaa kageuza, na anajiita mtaalamu wa GIS, yaani mifumo ya ramani na data zake.

Tulipombana akasema eti "programu za bure ndo zilivyo, nunueni leseni", akataja na bei kwa dola. Hapo ndo damu ilichemka. We braza, deck.gl na kepler.gl, programu huria za kuchora data nyingi kwenye ramani, zimetoka Uber, watu wanaokula kwa lokesheni za magari, na H3 yao ya kugawa eneo kwa heksagoni nayo ni bure, badala ya kurundika nukta laki juu ya yadi moja unahesabu ngapi zimeangukia kila heksagoni unapaka rangi basi. Ukitaka nukta zenyewe kuna tippecanoe, inakata data vigae vigae, ukiwa mbali inapunguza nukta ukizuum zinaongezeka, unaifunga kwenye faili moja la PMTiles, halafu MapLibre, programu huria ya kuonyesha ramani kwenye brauza, inavuta kile kipande unachokiangalia tu. Hata kisimu cha laki mbili kinafungua.

Na hii ni Dar jamani, mji ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria wakachora hadi mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, leo mtu anatuambia programu huria za kuchezea.

Tukasema basi turudishie data yetu uliyoisafisha. Kaleta shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani, ambayo jina la safu likizidi herufi 10 linakatwa, kwa hiyo tarehe_ya_kutoka na tarehe_ya_kufika hazijulikani ipi ni ipi, na hajastuka.

Sasa asubuhi hii katuma invoisi ya nusu iliyobaki, na juu yake kaongeza kipengele kipya, "uboreshaji wa kasi ya ramani". Wenye uzoefu na mikataba ya hivi, mnambanaje mtu wa aina hii?