Tupeane uzoefu: matembezi ya pwani Uingereza na mlo wa pabu Jumapili

Mwanamvita: Hamjambo wapendwa. Mlioko Uingereza, nani ameshatembea pwani akaishia mezani? Mimi wenzangu wa kazini walinipeleka Seven Sisters, magenge meupe ya chokaa kule Sussex. Tulishuka treni Seaford asubuhi, tukavuka mto pale Exceat, halafu vilima: panda, shuka, panda tena, bahari kulia, kondoo kushoto, upepo unakata masikio. Birling Gap, magenge hayo yanapoishia, tukaiacha bahari tukaingia bara hadi kijiji cha East Dean. Huko tukaingia pabu, yaani baa yenye chakula. Miaka sita nilikuwa sijatia mguu pabu. Sinywi, na nilivyolelewa, baa si pa mwanamke kuonekana. Ndani nikakuta bibi na wajukuu, mbwa amelala chini ya meza. Nikaletewa nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, karoti, Yorkshire pudding (rojo la unga, mayai na maziwa lililookwa, si tamu) imefura kama kibakuli, imejaa mchuzi. Nilikula polepole, sikutaka iishe.

Mtu wa Tanga: Weka meza mapema! Sisi tulifika saa tisa, tumelowa chapachapa, nyama imekwisha. Jumapili wanaoka kiasi, kikiisha kimeisha. Watoto walikula krispi za pakiti, iliniuma sana.

Baba Watatu: Assalaam aleikum. Tunaokula halali tusijinyime matembezi haya. Nauliza kabla: samaki yupo? Mchuzi wa mboga upo? Na viazi, maana wengi huvioka kwa mafuta ya ng'ombe au ya bata. Hawajawahi kunikasirikia kwa kuuliza.

Lewisham Yetu: Naomba jambo moja: kaeni mbali na ukingo. Chokaa humeguka bila kutoa ishara. Mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout, juu ya magenge karibu na Birling Gap, ulisogezwa mita 17 mwaka 1999 kwa sababu bahari ilikuwa inaula ukingo. Siku moja nikiwa ufukweni Birling Gap nilimwona kijana amekaa juu, miguu inaning'inia. Yeye hakuona, ila mimi kutoka chini niliona pale alipokaa pamebaki kipande chembamba, chini yake ni hewa. Nilipiga kelele mpaka akainuka.

Mwanamvita: Ahsanteni. Mama anakuja kutoka Mombasa mwezi ujao, na magoti yake hayataki vilima. Tutafuata njia tambarare ya Exceat hadi mto unapoingia baharini, kisha kijiji cha Alfriston kula. Nimeshapiga simu: meza saa saba, samaki yupo, viazi ni vya mafuta ya alizeti.