Naomba ushauri: kununua nyumba chakavu Ilomba, kuikarabati na kuiuza

Mgeni wa Majengo: Wakuu, habari za leo. Nina akiba ya shilingi milioni 40, na hapa Ilomba, jijini Mbeya, nimepata nyumba ya vyumba vitatu ambayo mwenyewe anaiuza kwa milioni 28. Kuta ni za tofali za kuchoma, bati limeshika kutu, dari ya vyumba viwili imeanguka, na ukuta wa nyuma una unyevu uliopanda kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Nakusudia kuikarabati na kuiuza mara moja, na dalali ananihakikishia kuwa itafika milioni 50. Sijawahi kufanya biashara hii. Nianzie wapi kabla sijatoa fedha?

Fundi wa Uyole: Ndugu, anza na ukuta wa nyuma, bati baadaye. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu zilijengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, kisha zikapigwa plasta ya saruji ambayo huficha kila kitu. Omba ruhusa ubandue kipande cha plasta, halafu chokonoa maungio kwa msumari: ukizama bila shida na udongo ukamwagika, jua kwamba milioni 12 zitakazobaki hazitatosha. Kupaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo ni kumdhulumu mnunuzi, na mvua za Novemba zikianza doa litarudi palepale. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba bati, zisikutishe, kwani mbao za msindano kutoka Mafinga zinapatikana kwa urahisi.

Mama Nyaraka: Kaka, mimi nasisitiza karatasi. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ili ujue kama hati imewekwa rehani benki, na uulize kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Ikiwa hiyo ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wa muuzaji, kwa hiyo barua ya serikali ya mtaa peke yake isikuridhishe.

Jambo la pili ni risiti. Ukiuza kwa milioni 50 na ukathibitisha gharama za milioni 40, kodi ni asilimia 10 ya faida, yaani milioni 1. Usipokuwa na kumbukumbu za gharama, utatozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, na hapo kodi haipungui milioni 1.5. Mfuko wa saruji ulionunuliwa bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, utakuumiza siku ya kuuza.

Mgeni wa Majengo: Nashukuru sana, Mama, na wewe Fundi. Je, hiyo milioni 50 ya dalali niiamini?

Mama Nyaraka: Waulize majirani nyumba za mtaa huo zimeuzwa kwa kiasi gani kweli, maana bei inayotangazwa na bei inayolipwa ni vitu viwili, kisha ondoa kodi na malipo ya dalali uone kinachobaki. Hadi majibu ya upekuzi yatoke, usitoe advansi yoyote, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine njiani.